Udongo wa Kilwa umemaliza ubishi wa asili ya Hantkenina, kiumbe kidogo cha bahari ya kale

Mvua ikipiga huku Lindi kila mtu analalamikia tope, ule udongo wa mfinyanzi unaonata kwenye tairi za bodaboda mpaka unashuka unasukuma, na mimi nilikua nalalamika hivohivo mpaka siku nilipoonyeshwa kilichomo ndani yake.

Jamaa mmoja wa jiolojia aliloweka donge la udongo wa kijivu kutoka Kilwa kwenye ndoo, likavimba likalainika lenyewe, akalipitisha kwenye chekeche laini sana, kilichobaki akakikausha. Hakikufika hata kijiko. Kwa macho unaona vumbi tu, ila kwenye maikroskopu ni magamba matupu, yanapitisha mwanga kama kioo, na moja lilikua na miba mitano imechomoza kama nyota. Hiyo ndo Hantkenina.

Ni foraminifera, kiumbe cha seli moja kilichokua kinaelea baharini, gamba lake la kalsiti, yani madini ya chokaa. Jenasi hii, yani kundi la spishi za ukoo mmoja, aliipa jina mtaalamu wa foraminifera Cushman mwaka 1924, kwa vielelezo vya Alabama kule Marekani. Vyumba vyake vimejizungusha bapa kama kamba ya ngalawa iliyokunjwa vizuri chini, upande huu na ule ni sawa, na mdomo uko chini ya chumba cha mwisho. Kila chumba kina mwiba wake, na mwiba wenyewe una uwazi ndani, yani ni kama mrija!

Sasa ubishi ulikua hapa, imetokana na nani? Kwa muda mrefu watu waliipeleka kwa foraminifera nyingine, Pseudohastigerina, kwa sababu nayo imejizungusha bapa. Mimi naona huko ni kuangalia sura ukasahau ukoo. Magamba ya Kilwa yalitunzwa vizuri mno kwa sababu mfinyanzi haupitishi maji kirahisi, na humo wanasayansi Pearson na Coxall wakaonyesha mwaka 2014 hatua kwa hatua jinsi foraminifera iitwayo Clavigerinella, yenye vyumba virefu kama vidole, ncha zake zilivyochongoka taratibu mpaka zikawa miba. Baadae vyumba vikanenepa, mwiba ukasogea mbele, kwenye bega la chumba. Spishi moja ya mwanzoni wakaiita Hantkenina singanoae, kwa heshima ya Joyce Singano wa TPDC, shirika letu la mafuta, Mtanzania mwenzetu, na mimi hilo limenigusa kuliko yote.

Kuna nyingine, Cribrohantkenina, imewekwa jenasi yake kisa mdomo umegawanyika matundu mengi. Sikubaliani sana, ni mtoto wa palepale, ila wataalamu wameamua.

Hantkenina na Cribrohantkenina zilitoweka miaka milioni 33.9 iliyopita, na kutoweka kwao ndo alama dunia nzima inayotumia kumaliza kipindi cha Eosini, kimoja cha vipindi vya historia ya dunia. Alama rasmi iko Massignano, Italia, ila hata kwenye visima vilivyochorongwa Kilwa unaona kabisa pale zinapokatika.

Halafu mtoto wa sekondari Lindi au Mtwara anamaliza form four hajawahi kuliona hata gamba moja. Inaniuma sana. Maabara yenye maikroskopu moja inatosha, udongo wenyewe hatununui. Mimi kale kavumbi nilipewa kidogo kwenye kichupa, nimekaweka kabatini, mwalimu yeyote wa baiolojia wa huku kusini akikataka nampelekea mwenyewe.