Sikuwa Naiba Bati la Mkwe

Tuanze na hilo, maana najua klipu imeshafika hadi Kiboriloni. Sikuwa naiba bati. Aliyeirusha ni dereva wetu, rafiki yangu wa miaka yote, gari nimeliwekea mafuta mimi, chakula kala cha wakwe zangu, halafu kakata mwanzo, kakata mwisho, kabakiza zile sekunde ambazo nipo juu ya kreti ya soda na spana mkononi. Maneno aliyoweka chini, "Mkwe mtarajiwa anaswa akibomoa nyumba Uru", yana ukweli mmoja tu. Kweli ilikuwa Uru, kule mlimani Moshi.

Sasa naeleza mimi, suti ikiwa bado kwenye kamba inanuka mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga.

Mlio wapya hapa: nakusanya sarafu. Ugonjwa huu ulinianza kama unavyowaanza wengi, kopo la maziwa chini ya kitanda cha bibi, na ndani yake seti nzima ya kwanza ya Tanzania, ya 1966: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye mwenge. Ukitaka kuanza, anzia hapo hapo. Nyumba nyingi za wazee bado zinazo, bei ni ya chini, na hakuna mtu mwenye muda wa kughushi ndururu. Baada ya hapo utajikuta unashuka miaka. Utafika kwenye senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, kisha kwenye heller za Mjerumani, zile zilizotuachia neno "hela", na ukifika huko hutoki tena.

Jumamosi tulipanda Uru kupeleka mahari. Kwenye kikao cha mahari bwana harusi ni sawa na yule mbuzi mliyekuja naye: yupo, anajadiliwa, haulizwi. Mshenga ndiye anayesema. Mimi niliwekwa pembeni ya nyumba, karibu na tanki la maji ya mvua, nikaambiwa nitulie. Nikatulia. Mtu aliyetulia hutazama huku na huku, na mimi nikatazama juu.

Nyumba ni ya zamani, paa limeshuka hadi unagusa kwa mkono ukisimama juu ya kitu. Pembeni mwa paa linapita gata la bati, linaanzia barazani mbele, linakata kona, linamwaga kwenye tanki nililokuwa nimekaa chini yake. Gata limeshikwa na vishikio vya bati vilivyopigwa misumari kwenye ubao. Vyote misumari, isipokuwa kile cha mwisho, juu ya kichwa changu. Hicho kilikuwa na bolti na nati, na kati ya nati na bati, mahali pa washa, kuna kiduara cheusi cha upana wa kama milimita 31. Kina pembe mbili za ndovu zilizojikunja kuzunguka tundu.

Senti 10. Wazee wetu walijua kuzitumia. Tundu tayari lipo, washa ya nini tena? Nikatoa lenzi yangu ya mara 10 mfukoni. (Ndiyo, nilikwenda na lenzi kwenye mahari. Endeleeni kucheka.) Mwaka: 1936.

Ngojeni niwaeleze kwa nini moyo ulipiga. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na wafalme watatu. George wa Tano alifariki Januari, akaingia mwanawe Edward wa Nane, naye Desemba akaacha kiti ili amwoe mwanamke aliyempenda, akakikalia mdogo wake, George wa Sita. Kule kwao sarafu zenye sura ya Edward hazikuwahi kuingia mitaani. Lakini hizi zetu zenye tundu hazina kichwa cha mfalme, kichwa ungekiweka wapi? Zina taji na jina tu, kwa hiyo ziligongwa mapema na zikatoka na jina lake. Afrika Mashariki tukashika mkononi hela ya mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakuipata.

Si ghali, niseme kabisa kabla hamjaenda kubomoa nyumba za watu. Ziligongwa nyingi sana. Utamu wake ni hadithi, siyo bei.

Tatizo ni kwamba mwaka peke yake hautoshi. Mwaka huo huo zilitoka pia za George wa Tano. Ni lazima usome jina: EDWARDVS VIII au GEORGIVS V. Na jina haliko upande wa pembe na mwaka. Liko upande wa pili, upande uliolalia bati. Fundi, Mungu amrehemu popote alipo, aliigeuza vibaya.

Nilikaa na jambo hilo nusu saa nzima. Kule barazani wanabishana idadi ya madebe ya mbege, mimi nabishana na nati. Mwishowe nikaenda kwa dereva kuazima spana namba 8 na dawa ya kutu. Nikamwambia nakaza kitu. Yeye ndipo alipotoa simu, maana ananifahamu.

Mpango ulikuwa wa kiungwana. Mfukoni huwa nabeba senti 10 za 1952, za George wa Sita, za kubadilishana na watu. Nafungua, natoa ya 1936, naweka ya 1952, nakaza, nati moja, dakika moja. Nyumba ya mzee inabaki na washa ileile, imechakaa kidogo tu. Huo ni wizi? Jibuni kwa haki.

Nisichokifikiria ni hiki, na wenye kujua mabati mshike vichwa: sarafu ni shaba nyeusi, bati lina ngozi ya zinki. Ukizibana pamoja, maji ya mvua yakapita katikati kwa miaka, zinki inaliwa, ikiisha linaliwa bati lenyewe, sarafu inabaki inakutazama. Tundu la bolti kwenye kile kishikio halikuwa tena tundu la bolti. Lilikuwa limeliwa likawa kubwa kama sumuni. Kilichozuia bati lisiponyoke kwenye bolti ni upana wa senti 10. Yaani gata lote lilikuwa limemtegemea mfalme.

Na usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo mvua ya masika ilikuwa imenyesha. Na gata lilikuwa limeziba majani ya mparachichi.

Haya. Taratibu sasa.

Napanda kreti. Napulizia dawa, nasubiri. Nati inagoma. Nairudisha kidogo mbele, naileta nyuma, inalia kama panya, inakubali. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Barazani baba mdogo wa mchumba amesimama, namsikia vizuri kabisa, anasema, "Sisi binti yetu tumemlea kwa heshima." Mzunguko wa tatu. Nati inadondokea kiganjani. Naishika sarafu kwa ukingo, vidole viwili, kama inavyotakiwa, usiguse uso. Naivuta. Inatoka. Nasikia furaha ambayo hata siku ya ndoa sijui kama nitaisikia.

Kishikio kikasogea mbele, polepole, kikaivuka bolti bila hata kuigusa.

"Tak."

Maji ya kwanza yalikuwa yangu. Kifuani, ya baridi ya mlimani, pamoja na majani na kitu chenye miguu. Ningeshukuru yangeishia hapo. Lakini uzito wote ukahamia kishikio cha pili, nacho ni msumari wa enzi za kahawa. Tak. Cha tatu, tak. Gata likawa linafunguka kama zipu, linakwenda mbele, linakata kona, na mimi juu ya kreti nalisindikiza kwa macho, mkono mmoja sarafu, mkono mwingine spana, mdomo wazi. Tak. Nikasikia, "...tumemlea kwa heshima na..." Tak.

Kimya.

Halafu akina shangazi wakapiga yowe kwa pamoja, na si kigelegele.

Sehemu ya mwisho ilimwagika juu ya pipa la mbege. Ile mbege yetu. Ya mahari. Ambayo wazee walikuwa bado hawajaionja. Baba mdogo alisimama palepale, kata mkononi, jani la mparachichi limemkaa begani kama cheo. Mshenga wangu hakugeuka kutazama pipa, hakutazama watu, alitazama moja kwa moja kwenye kona ya nyumba, na kona ya nyumba ilikuwa na mimi.

Mzee mwenyewe, baba mkwe, akaja taratibu na fimbo. "Kijana, unafanya nini juu ya nyumba yangu?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nililotoa ni, "Shikamoo baba."

Yaliyofuata hayana haja ya urefu. Faini: beberu mmoja, mbege madebe mawili, gata jipya na fundi wake. Mshenga akaomba radhi hadi sauti ikakauka. Mchumba alicheka mpaka akakaa chini, hapo ndipo nilipojua bado ninaye. Edward aliacha ufalme kwa ajili ya mwanamke, mimi nusura niache mwanamke kwa ajili ya Edward.

Lakini sikilizeni mwisho wa sarafu, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma kuliko faini. Katika vurugu niliiweka juu ya meza ya jikoni, na meza ya jikoni ni ya mama mkwe. Mama wa watu ana huruma. Akaona kile kihela kilichomdhalilisha mtoto wa watu kimeoza, akachukua limau, akachukua majivu, akachukua steel waya ya sufuria.

Mnaoniuliza kila siku kama sarafu inasafishwa: haisafishwi. Ule weusi ndio ngozi yake, na mnunuzi akiona mikwaruzo na rangi ya sufuria jipya anarudisha mkono. Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, uibonyeze kwa kitambaa laini bila kusugua, basi. Na usiihifadhi kwenye vile vibahasha vya plastiki laini inayonuka, baada ya muda vinatoa uteute wa kijani. Hayo yote nimeyahubiri hapa mara ngapi? Sasa nimesimama jikoni, nimelowa, mama mkwe ananikabidhi senti 10 kwa mikono miwili, ya rangi ya waridi, inang'aa kama kifungo.

"Mwanangu, sasa imependeza."

Nikasema, "Asante sana, mama." Ungesema nini wewe?

Kitu kimoja niseme, jina lilisomeka vizuri sana. GEORGIVS V.

Jana nimepanda tena na fundi wa gata. Mzee amelainika, anacheka kidogo, ananiita "fundi mwenzako". Wakati tunakunywa chai akaniambia upande wa jikoni zipo senti nyingine nne kama ile, zilifungwa siku moja, na moja wapo ameitazama asubuhi kwa miwani: maandishi yake yanaanza na E.

Najua. EAST AFRICA nayo inaanza na E, na iko upande ule ule wa pembe. Najua sana. Mchumba ameshaficha ngazi, na kreti zote za soda zimerudishwa dukani.

Pale nyuma ya jiko nimeona kinu.