Turubai la Moran halikutangulia sheria ya hifadhi
Kuna mwandishi anayesema mchoro mkubwa wa rangi ya mafuta kwenye turubai, ambao mchoraji Thomas Moran aliuchora palepale ukingoni mwa korongo la Yellowstone, ndio uliowashawishi wabunge wa Marekani waanzishe hifadhi ya taifa ya Yellowstone. Tarehe zinakataa. Sheria ilitiwa saini 1 Machi 1872, turubai hilo likiwa bado halijakamilika. Bunge lililinunua baadaye mwaka huohuo kwa dola 10,000. Tena lina upana wa karibu mita 3.7 na kimo cha mita 2.1, nani angelipakia juu ya farasi? Kule porini mwaka 1871 Moran alitumia penseli na rangi za maji. Karatasi yake hukauka kwa dakika chache ikaingia mkobani, ilhali rangi ya mafuta hubaki mbichi siku kadhaa, ikipakwa nene hata wiki. Ukiifunga mbichi, picha hugandana na vumbi huzama ndani. Rangi ya maji nayo ina taabu yake: penye baridi na unyevu hukawia kukauka, na tabaka la pili likiwahishwa yote hugeuka tope. Michoro hiyo midogo, pamoja na picha za kamera za William Henry Jackson, ndiyo iliyowafikia wabunge. Wachoraji mnaosafiri, picha za mafuta mnazibebaje kabla hazijakauka?