Kosa Likiingia katika Ensaiklopidia, Nani Analitoa?

Katika maktaba ya shule niliyosoma, ensaiklopidia ilikaa ndani ya kabati la vioo, na ufunguo wa kabati hilo alikuwa nao mwalimu mmoja tu. Ukitaka kusoma habari za volkano au za Sultani Barghash, uliandika jina lako katika daftari, ukatolewa juzuu moja, ukasoma papo hapo. Juzuu mbili zilikuwa zimepotea kabla hatujafika, kwa hiyo zilikuwapo herufi ambazo tulimaliza kidato cha nne bila kujua zina habari gani. Leo mtoto wa rika lile anafungua Wikipedia kwenye simu ya dada yake na kupata kwa dakika moja kile ambacho sisi tulikipangia foleni. Kwa hesabu hiyo mtu angesema kesi kati ya kitabu na Wikipedia imekwisha. Mimi naona haijaisha, hasa kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu karibu hoja zote tunazozisikia kuhusu ubora wa ensaiklopidia za jumuiya, yaani zile zinazoandikwa na yeyote anayetaka, zimetokana na Wikipedia ya Kiingereza, na ile ni nyumba nyingine yenye wakazi wengine.

Tuanze na kitabu. Encyclopaedia Britannica ilianza kutoka Edinburgh, Uskoti, mwaka 1768 ikiwa kazi ya juzuu tatu. Seti yake ya mwisho kuchapishwa, ya mwaka 2010, ilikuwa na juzuu 32 na iliuzwa dola 1,395. Machi 2012 wenyewe wakatangaza kwamba hawatachapisha tena, baada ya miaka 244. Nguvu ya kazi ya namna hiyo ilikuwa katika uwajibikaji: mhariri analipwa, mwandishi wa makala kubwa anajulikana, na pengine ni mtu ambaye hakuna wa kubishana naye kirahisi, kama Albert Einstein aliyeandika kuhusu nafasi na wakati katika toleo la 1926. Ukikuta kosa, unajua barua uipeleke kwa nani.

Udhaifu wake unaotajwa mara nyingi ni kupitwa na wakati, nao ni wa kweli. Seti ile ya 2010 haiijui Sudan Kusini, iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, wala haiwezi kuijua mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu iliyoundwa Tanzania mwaka 2012. Lakini huo ni udhaifu mdogo, maana msomaji mwenye akili hutazama mwaka wa chapa kabla ya kuamini takwimu. Udhaifu mkubwa ni mwingine. Toleo la 11 la Britannica, la mwaka 1910 na 1911, ambalo hadi leo linasifiwa kwa ufasaha wake, lilikuwa na makala kuhusu watu weusi iliyosema kana kwamba ni sayansi iliyokwisha kuthibitishwa kuwa akili ya mtu mweusi ni duni kuliko ya mzungu. Makala hiyo ilipitia kwa wahariri na ilikuwa ya wataalamu. Utaalamu haukumzuia mtu yeyote kutukanwa. Uliupa tusi muhuri. Na aliyetukanwa, awe Lamu au Bagamoyo, hakuwa na mahali pa kujibu.

Hapo ndipo naiona hoja yenye uzito zaidi kwa upande wa ensaiklopidia ya jumuiya, nzito kuliko ile ya bei au ya kasi. Anayeandikwa habari zake anaweza kuingia na kubisha, na mabishano yenyewe yanabaki kwenye ukurasa wa majadiliano ambapo kila mtu anayasoma. Wikipedia haikuanza hivyo kwa falsafa kubwa, lakini. Jimmy Wales na Larry Sanger walikuwa kwanza na mradi ulioitwa Nupedia, ambao kila makala yake ilipaswa kuvuka hatua saba za ukaguzi wa wataalamu, na mwaka wa kwanza ulipita na makala zisizozidi takribani ishirini. Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 ili kuilisha Nupedia rasimu, nayo ikammeza mama yake.

Je, wingi wa watu huleta usahihi? Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi kutoka pande zote mbili wazikague. Walihesabu makosa 162 katika Wikipedia na 123 katika Britannica, na makosa mazito yalikuwa manne kwa kila upande. Britannica ilipinga vikali namna hesabu ilivyofanywa. Mwaka huohuo ikagundulika kwamba wasifu wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikaa kwa miezi kadhaa ukidai kuwa alishukiwa katika mauaji ya Rais Kennedy, jambo la uzushi mtupu lililoandikwa na mtu asiyejitaja. Watetezi wa Wikipedia hujibu kwamba macho mengi hatimaye huliona kosa. Jibu hilo nalikubali, ila lina sharti ndani yake: macho yawepo.

Wikipedia ya Kiswahili, inayojiita kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003. Sehemu kubwa ya makala zake ni fupi, na chini yake pameandikwa kwa unyenyekevu kwamba makala hiyo "bado ni mbegu". Chukua kata za Tanzania, ambazo ni karibu 4,000. Sensa ya 2022 ilipotoa idadi ya Watanzania kuwa 61,741,120, ukurasa wa nchi haukuwa na tabu kurekebishwa, kwa sababu wengi huupitia. Kurasa za kata zinamhitaji mtu mwenye subira ya kuzifungua moja baada ya nyingine, na ukitazama sehemu ya historia ya ukurasa kama huo, mara nyingi utakuta mistari michache tu, mingine ikiwa ya roboti, yaani programu za kompyuta zinazohariri zenyewe. Ile sentensi ya zamani kwamba kata ina wakazi wapatao kadha "waishio humo" (kana kwamba wapo wakazi waishio kwingine) ilinakiliwa katika kurasa nyingi mno. Penye wahariri wachache, kosa la ukurasani linaweza kukaa kama la kitabuni, na pengine hakuna wa kumwandikia barua.

Kuongeza idadi ya makala hakutibu jambo hilo. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka haraka, nyingi zikiwa tafsiri, kisha zawadi zilipokwisha washindani wengi hawakuendelea. Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani na Kiingereza, ilipata balaa zaidi: mwaka 2020 iligundulika kwamba kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo alikuwa ameandika maelfu ya makala zake kwa miaka, akibadilisha tahajia ya Kiingereza. Kiswahili kina wasemaji wengi mno kuliko Kiskoti, lakini msemaji asiyefungua ukurasa hauchungi.

Wala upande wa kuchapishwa hautuokoi, kwa kuwa hatujawahi kuwa na seti ya majuzuu ya Kiswahili inayolingana na Britannica. Tulichonacho ni kamusi za lugha, kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, na kamusi za istilahi. Ndiyo maana kuwashindanisha wawili hawa kwetu kuna upungufu wa mantiki: mmoja hajazaliwa, na aliyezaliwa anamtegemea yule asiyekuwapo. Sheria za Wikipedia zinadai kila dai liwe na chanzo kilichokwisha kuchapishwa, na haziruhusu utafiti wa mwandishi mwenyewe. Fundi wa majahazi wa Lamu anayejua mti upi unafaa kwa taruma, yaani mbavu za chombo, namna ya kutia kalafati ya kuziba nyufa na wakati wa kupaka sifa, yale mafuta ya papa, hawezi kuwa tanbihi. Mhariri wa kitabu angeweza kumwendea, kumlipa, na kuandika alichoambiwa.

Kwa hiyo fedha zikipatikana za kuendeleza maarifa kwa Kiswahili, mimi nisingezitia katika shindano jingine la kuongeza makala. Ningemlipa mtu akae na fundi huyo msimu mmoja, atoe kijitabu cha kurasa arobaini chenye jina la mwandishi, mwaka na mchapishaji. Ukurasa wa jahazi ungepata cha kunukuu, na fundi akiona wamekosea jina la ubao, angejua amwambie nani.