Shemeji, Umegusa Shokapu?

Kwenye autokrosi, mbio za gari kwenye njia iliyopangwa kwa koni uwanjani, si ajabu watu wawili kuendesha gari moja. Magari huingia uwanjani moja baada ya jingine, kila dereva anashindana na saa, kwa hiyo mmoja akimaliza zamu yake mwenzake anaruka ndani, anasogeza kiti, anaondoka. Gharama mnagawana, matairi mnayamaliza pamoja. Kisichogawanyika ni maoni kuhusu springi.

Mwenzangu ni shemeji yangu, na kwake ubora wa gari hupimwa kwa maumivu ya mgongo. Gari likipita juu ya shimo bila dereva kuguna, halifai. Kwa springi za kiwandani hata mimi nilikuwa upande wake: ukifunga breki pua inasujudu, ukikata kona mwili wa gari unalala mpaka mtu aliyekaa pembeni anaisoma lami. Basi tukanunua seti iliyotumika, shokapu 4 za kurekebisha pamoja na springi zake.

Springi za namna hiyo huchapwa namba ubavuni: kipenyo cha ndani, urefu, na ugumu. Shemeji alifuta vumbi kwa kidole gumba, akakutana na namba ya kwanza, macho yakamtoka.

"Shemeji! Sitini na tano!"

"Sitini na tano nini?"

"Kilo kwa milimita!"

Nikamwambia apige hesabu. Gurudumu moja la mbele la gari letu linabeba kilo kama 300. Kwa springi ya 65, gari lingeshuka chini ya milimita 5 na kugoma hapo hapo, na kazi ya springi ingebaki kwa meno yetu. Alitafakari kidogo. Niliona wazi kwamba hajakata tamaa, anapima kama meno yake yanaweza.

65 kilikuwa kipenyo. Ugumu ulikuwa 8 kwa jozi moja na 10 kwa nyingine. "Kumi tu?" akasema, na zile za kiwandani tulizokuwa tunazitoa hazikufika hata 3.

Halafu ipi ikae mbele? Injini iko mbele, uzito uko mbele, kwa hiyo kwa akili ya shemeji (na yangu pia, ila mimi nilinyamaza) ile ngumu iende mbele. Fundi akakataa. Alituita chini ya gari, akatuonyesha kwamba mbele springi imekaa karibu sana na gurudumu, wakati nyuma imekaa mbali nalo, ndani zaidi kwenye mkono wa chini, kile chuma kinachoshikilia gurudumu. Gurudumu la nyuma likipanda sentimita 10, springi inabonyea 7 tu. Hesabu yake haiishii hapo, maana uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe: 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Springi ya 10 ikifika kwenye gurudumu la nyuma imeshakuwa kama ya 5, ilhali ile ya 8 mbele inabaki na karibu nguvu zake zote. Shemeji alisikiliza kwa adabu, akashukuru, kisha akanivuta pembeni kuniuliza kama huyu fundi kweli amesomea.

Fundi alifunga 10 nyuma. Alipomaliza akatupa amri: "Vifundo vya kurekebishia ugumu wa shokapu anzeni navyo katikati. Mkibadilisha, badilisheni kitu kimoja. Na muandike."

Springi ndiyo inayoamua gari lilale kiasi gani kwenye kona; shokapu inaamua lilale na kuinuka kwa haraka gani. Kwenye barabara kuu unaweza usijali. Kwenye autokrosi hujamaliza kona moja nyingine imeshakudai, gari halipati nafasi ya kutulia, kwa hiyo kile kifundo kidogo juu ya shokapu kinakuwa na mamlaka makubwa kuliko umbo lake. Vyetu vilikuwa na milio 20 kutoka laini kabisa hadi ngumu kabisa. Tik, tik, tik. Ni mlio mtamu. Mtu mzima akikabidhiwa kifundo kinacholia tik haambiliki.

Asubuhi ya mashindano gari lilikuwa na raha. Kwenye kona kali gurudumu la nyuma la ndani lilikuwa linainuka hewani kama mbwa aliyeona nguzo, jambo la kawaida kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likiwa na springi ngumu nyuma. Watu walipiga picha. Ila mimi niliona mkia una papara. Shemeji aliona umelala usingizi. Akimaliza zamu yake, mimi najikuta nimeegemea nyuma ya gari, kwa bahati tu, mkono uko karibu na kifundo. Nikirudi, namkuta yeye ameegemea pale pale.

"Umegusa?"

"Mimi? Sijagusa."

Mwishowe tukaafikiana kuandika namba moja kwenye daftari na kuiheshimu: Nyuma, 6. Ili kuokoa muda nikashika upande wa kulia, yeye akashika wa kushoto.

"Ngapi?"

"Sita."

"Sita, tayari!"

Nikaondoka. Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto, na sijawahi kupita kona tamu namna ile. Ya pili pia kushoto. Nikaanza kuwaza kikombe kitakaa wapi sebuleni. Kisha ikaja safu ya koni za kupita zigizaga. Kushoto, sawa. Kulia, mkia ukaaga. Kushoto, umerudi. Kulia, ukaaga kabisa, na mimi nikajikuta natazama nilikotoka, miguu yote miwili imekandamiza klachi na breki, koni zinaruka mbele ya kioo.

Sheria ni kwamba koni ikianguka au ikitoka nje ya kisanduku chake cha chaki, unaongezewa muda. Vilabu vingi huongeza sekunde 2 kwa kila moja. Madirisha yalikuwa wazi, nikasikia redio ya msimamizi: "Nne... tano... ngoja, bado zinaanguka."

Kuzunguka hakukufukuzi uwanjani, kwa hiyo niligeuza nikaendelea. Sauti ya kukwaruza chini niliidharau. Harufu ya plastiki ilikuwa ngumu kuidharau. Nilivuka mstari wa mwisho nikiwa na sekunde 14 za adhabu, na koni moja imenasa chini ya ekzosi, inayeyuka.

"Shemeji, umegusa shokapu?"

"Sijagusa! Sita, kama tulivyoandika!"

"Na mimi sita!"

Fundi akaja, akaingia chini, akaichomoa koni kwa miguno miwili. Hakusema kitu. Alichuchumaa kulia akazungusha kifundo kuelekea laini, anahesabu kwa sauti: milio 6. Akahamia kushoto, akafanya vile vile: 14. Akatutazama.

"Nani alihesabu kuanzia wapi?"

Tulinyoosheana vidole kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nimeanzia kwenye laini, kama binadamu yeyote anayepandisha namba. Shemeji alianzia kwenye ngumu, na kwa utulivu ulioniumiza akamkumbusha fundi kwamba watengenezaji wengi wa shokapu huelekeza hivyo hivyo. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Hapo nilitamani koni ile ingeachwa iendelee kuungua.

Nikanyoosha mkono nirudishe upande wa kulia uwe sawa na wa kushoto. Shemeji akanizuia.

"Ngoja kwanza. Kona za kushoto lilikwendaje?"

"Tamu mno."

Akachukua daftari, akaenda kumtafuta aliyepanga koni kumwuliza kama mzunguko wa mchana unaweza kupinda kushoto tu.