Mama yake aulizwe kwanza

Nimesoma makala yenu kuhusu wamisionari wanaofundisha watoto Injili ugenini, na ile methali ya samaki mkunje angali mbichi. Mimi ni Mkristo. Kanisa langu la Mtwara lilinituma Pemba, ile ya Msumbiji, kuhudumia familia zilizokimbia vita vya Cabo Delgado vilivyoanza 2017. Watoto wale niliwapenda mno. Lakini wengi ni Waislamu, na kilichowaleta kwetu ni uji.

Siku moja binti wa miaka kama minane aliniuliza kwa Kimwani (ukijua Kiswahili unaambulia mengi) kama ni lazima asali kama sisi ndipo apewe kikombe. Usiku ule nililia. Kesho yake nikamwendea mama yake, nikaketi naye mkekani, nikamweleza sisi ni nani na tunaamini nini. Akaniruhusu nimsimulie mwanawe habari za Yesu kuwabariki watoto, mwenyewe akiwepo. Binti alikasirika kabisa aliposikia wanafunzi wa Yesu walivyotaka kuwafukuza watoto wale!

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa watoto utumwani wakawalea katika imani. Wale walikuwa wametengwa na wazazi wao. Hawa wa leo wanao, wako nao hapo hapo hemani. Naomba makanisa yanayotuma watu yaliandike hili kwenye maelekezo yao: uji utolewe bila sharti, na mzazi aulizwe kabla mtoto hajafundishwa sala hata moja.