Mchicha nao unastahili viungo

Kwetu Tanga mtu akipika pilau hufungua kila kikopo kilichoko kabatini: iliki, karafuu, mdalasini, bizari nzima, pilipili manga. Ikifika zamu ya mboga za majani, vikopo vyote vinafungwa. Kitunguu, nyanya, chumvi, basi. Siku ya kujipendelea, tui la nazi. Nimekula hivyo tangu utotoni na sikuona kasoro yoyote, mpaka nilipohamia London na kuanza kununua mboga soko la Brixton.

Brixton ina historia yake. Meli ya Empire Windrush ilipotia nanga bandari ya Tilbury, karibu na London, Juni 1948, baadhi ya abiria wake, wengi wao Wajamaika, hawakuwa na pa kufikia, wakalazwa kwenye handaki la wakati wa vita pale Clapham South. Ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu nao ilikuwa Brixton, wakajikita huko, na vyakula vyao vikawafuata.

Ndiyo maana siku moja nikakuta fungu la mchicha limelazwa juu ya meza. Mchicha wenyewe kabisa, shina nene, jani pana. Mama muuzaji, Mjamaika, akaniambia hiyo ni kalalu (wenyewe huandika callaloo), akaniuliza kwetu tunaipikaje. Nikamweleza: nachemsha, namwaga maji, halafu nakaanga na nyanya. Akaniuliza yale maji nampikia nani.

Sikuwa na jibu. Na hadi leo naamini alinigusa penye kosa letu kubwa. Vitamini C na folati huyeyukia kwenye maji, tukiyamwaga zinakwenda nayo, na ladha inazifuata. Tunabaki na jani lililochoka, kisha tunawalaumu watoto kwamba hawapendi mboga.

Alinifundisha hivi, na ndivyo ninavyopika sasa. Mafungu mawili yaloweke kwenye maji ya chumvi kwa dakika kadhaa ili wadudu watoke, kisha suuza vizuri. Mashina usiyatupe. Yale makubwa menya ule utando wa nje wenye nyuzi, halafu yakate vipande vidogo. Sufuriani weka mafuta ya nazi kijiko kimoja kikubwa, kitunguu maji, vitunguu majani viwili vitatu, saumu iliyopondwa na vijiti viwili vya thaimu pamoja na majani yake. Harufu ikishapanda, tia mashina kwanza, kisha majani. Maji usiweke, kwani yaliyobaki kwenye majani baada ya kuosha yanatosha. Juu yake laza pilipili mbuzi nzima, funika, punguza moto, acha dakika nane hadi kumi.

Hapo kwenye pilipili nataka nikae kidogo. Wajamaika huiita Scotch bonnet, na ni ndugu wa karibu sana wa pilipili mbuzi yetu; asili ya ukoo huo ni Amerika ya joto. Watu wanaiogopa kwa ukali, kumbe utamu wake mkubwa uko kwenye harufu, harufu inayokaribia ya tunda. Ikikaa nzima juu ya mboga bila kupasuka, mvuke unaichemsha na harufu inashuka kwenye majani, ukali unabaki ndani ya ganda. Sisi tunalijua hili! Tunaiweka nzima kwenye mchuzi wa samaki na kwenye maharage. Ni mchicha tu tulioubagua.

Kiungo cha pili ni pimento, punje za kahawia zinazofanana na pilipili manga zilizonenepa. Kazi yake kubwa Jamaika ni kwenye jerk, nyama inayopakwa viungo vikali kisha ikachomwa, lakini wapo wanaotia punje chache kwenye mboga, nami nawafuata. Ukiipasua utadhani mtu amechanganya karafuu, mdalasini na kungumanga. Si ajabu: kinachotawala harufu yake ni kemikali iitwayo eugenoli, ileile iliyomo kwenye karafuu, na mimea hiyo miwili ni ya familia moja. Aliyeko Pemba au Tanga asihangaike kuagiza pimento. Karafuu moja, moja tu, na kipande cha mdalasini cha urefu wa ukucha vitamfikisha karibu kabisa.

Asubuhi Wajamaika huila kalalu pamoja na samaki wa chumvi na ndizi mbichi za kuchemsha. Samaki yule ana habari ya uchungu. Alikaushwa pwani za kaskazini mwa Amerika na kusafirishwa visiwa vya Karibi kuwa chakula cha bei nafuu cha watumwa wa mashamba ya miwa. Wapishi wale walikichukua kilichotupwa mbele yao wakakitilia thaimu, saumu na pilipili, kikawa chakula ambacho wajukuu zao wanakitamani hata ughaibuni. Mimi hutumia ng'onda iliyolowekwa usiku kucha.

Ukivuka kwenda Trinidad, jina kalalu lina maana nyingine: ni majani ya magimbi, yaliyopikwa na bamia, tui la nazi na pilipili nzima, pengine na kaa, kisha yakapondwa mpaka yakawa rojo zito. Ni chakula cha Jumapili. Majani hayo yaive barabara, maana yakiwa mabichi yana chembechembe zinazowasha koo. Nimeyala kwa wali nikasikitika, kwa sababu bustani ya nyumbani magimbi tulikuwa tunayachimba na majani tunayaacha yaoze, ilhali nazi zilikuwa zinaanguka hatua kumi kutoka pale.

Dada yangu, niliyempikia mchicha huu likizo iliyopita, alikubali thaimu, akakubali karafuu, akakataa katakata mboga isiyo na nyanya. Kumbe hata Jamaika wapo wanaoitia. Kwa hiyo sasa naweka moja, iliyokatwa vipande vikubwa, dakika mbili za mwisho, sufuria ikiwa imefunikwa.