Mtoto mdogo wa umbo ana nafasi gani kwenye timu zetu za vijana?

Mwishoni mwa Januari, mwaka juzi, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, nilimsindikiza mtoto wa dada yangu kwenye majaribio ya mpira hapa Busia, upande wetu wa Uganda wa mpaka na Kenya. Shule moja ya sekondari ilikuwa inatafuta wachezaji wa kuwafadhili: ukichaguliwa, hulipi ada. Walikuja watoto kama mia moja, wengine na viatu vya kuazima, wengine pekupeku. Kabla mpira haujaguswa, mwalimu aliwapanga mstari kwa kimo. Akaanzia upande wa warefu, akahesabu hadi arobaini, akasimama. Waliobaki wakaambiwa warudi mwakani.

Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka 13, alikuwa miongoni mwa waliobaki. Hawakwenda nyumbani. Walitafuta kona ya uwanja wakaanza kucheza wenyewe, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mwalimu hakuliona, kwa sababu alikuwa amewapa mgongo. Kabla pasi haijamfikia, mtoto alishageuza shingo mara mbili kuangalia nyuma yake. Mpira ukaja ukidundadunda kwenye changarawe. Akaupokea kwa mguu wa mbali, akageuka nao kwa mguso huohuo, na beki aliyekuwa anamkimbilia akapita moja kwa moja. Yote hayo hayakuchukua hata sekunde mbili. Ni kitu ambacho wachezaji wengi wakubwa wa mtaani kwetu hawakiwezi.

Niliumia, sifichi. Kwetu mabishano hayaishi: timu za vijana zichaguliwe kwa nguvu na kimo, au kwa ufundi wa mguu? Mimi niko upande wa ufundi. Lakini nimemfikiria sana mwalimu yule tangu siku ile, na naona ana hoja ambayo inastahili kusikilizwa kabla ya kupingwa.

Kwanza, mashindano anayokwenda kucheza. Michezo ya shule za sekondari Uganda ni mechi zinazofuatana siku kwa siku, jua au mvua. Kijana mwembamba anaweza kung'ara Jumatatu, na ikifika Alhamisi miguu imekwisha. Pili, viwanja. Ukiacha vichache kama Namboole au kile cha kituo cha ufundi cha FUFA, shirikisho letu la soka, pale Njeru, vingi ni muramu na nyasi za vishungi. Mpira wa pasi fupi unahitaji ardhi inayosema kweli; kama mpira unaruka mita nzima kwa kugonga jiwe, kocha anayesema "butueni mbele, wapiganie huko" anasoma uwanja wake vizuri. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, kuna ada. Shule inayotwaa kombe inapata wanafunzi, na mtoto anayechaguliwa anapata elimu ambayo mzazi wake asingeimudu. Mwalimu akichagua watoto wanaoweza kushinda mwaka huu, basi wale arobaini wanasoma. Akichagua wenye kipaji watakaoiva baada ya miaka mitatu, huenda timu ikafungwa, ufadhili ukafutwa, na wasisome hata hao. Sioni haki ya kumdharau mtu aliyebeba mzigo huo.

Na ukipanda ngazi hadi kimataifa, hoja ya nguvu haipotei. Mwaka 2021 kule Mauritania, vijana wetu wa chini ya miaka 20 chini ya kocha Morley Byekwaso waliichapa Tunisia 4-1 katika nusu fainali ya Afrika, na Derrick Kakooza akapiga mabao matatu peke yake. Ukiuliza kijiweni utaambiwa tuliwazidi pumzi na ubavu. Kisha Ghana ikatufunga 2-0 kwenye fainali, na kijiwe hichohicho kitakwambia kuwa siku ile tulikutana na wenye ubavu kuliko sisi. 

Wanaotetea ufundi nao wana mechi yao. Machi 2025, Morocco ilitufunga 5-0 katika mchezo wa kwanza wa fainali za Afrika za chini ya miaka 17, ikaendelea hadi kutwaa kombe. Oktoba mwaka huohuo, Morocco ikabeba Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 nchini Chile kwa kuilaza Argentina 2-0. Haya hayakutoka kwenye mstari wa kupima kimo. Kwa takriban miaka 15 wamekuwa na Akademia ya Mohammed VI karibu na Rabat, ambako mtoto anasoma, analala, anakula na kuguswa na mpira kila siku. Azzedine Ounahi na Youssef En-Nesyri, waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2022, walipita hapo.

Lakini timu yetu ileile iliyofungwa tano ilikwenda Qatar Novemba 2025, ikacheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, la kwanza katika historia ya Uganda, ikaifunga Ufaransa 1-0 kwa bao la James Bogere, ikaitoa Senegal, na kuondoka kwa mikwaju ya penalti mbele ya Burkina Faso katika hatua ya 16 bora. Kila upande umeichukua safari hii kuwa ushahidi wake. Mimi nilichokiona ni vijana waliojua kukaa kwenye nafasi zao na kuvumilia pasipo mpira, na hilo si nguvu wala chenga. Ni jambo la tatu ambalo mabishano yetu huwa yanalisahau: kichwa.

Sasa nieleze kwa nini, baada ya kuisikiliza hoja ya mwalimu, bado naamini alikosea kwa watoto wa umri ule.

Mvulana hukua kwa kasi kubwa kabisa akiwa na miaka 14 hivi, lakini hiyo ni wastani tu. Mmoja huanza kurefuka akiwa na 12, mwingine 16. Kwa hiyo ukiwapanga mstari watoto wa miaka 13, yule wa kwanza na yule wa mwisho wanaweza kutofautiana kimwili kwa miaka minne au zaidi, ingawa vyeti vyao vya kuzaliwa vinasema mwaka mmoja. Ongeza tarehe: mashindano hukata umri Januari mosi, hivyo aliyezaliwa Januari ana karibu mwaka mzima wa kukua kumzidi aliyezaliwa Desemba. Mwalimu alipohesabu hadi arobaini alidhani anahesabu wachezaji bora. Kwa sehemu kubwa alikuwa anahesabu waliowahi kukua, na wenzao wakifika 17 au 18 pengo lile huzibika. Kinachobaki ni yule aliyetumia miaka ya udogo wake kujifunza kupokea mpira, na yule ambaye hakuhitaji kujifunza kwa sababu aliweza kumpita kila mtu kwa mabega.

Hapa ndipo penye uchungu. Misuli inaweza kusubiri. Kijana wa miaka 17 ukimpa chakula na mazoezi, ndani ya mwaka mmoja utamwona amejaza. Mguso hausubiri hivyo. Ule mguso wa mguu wa mbali hujengwa utotoni kwa kurudiarudia mara maelfu, na aliyeukosa akiwa na miaka 10 hadi 14 ataufukuzia maisha yake yote.

Watu hupenda kutaja Lionel Messi hapa. Mimi nadhani mfano mzuri zaidi uko Afrika. Mwaka 1994 kocha Mfaransa Jean-Marc Guillou alianzisha akademia ya klabu ya ASEC kule Abidjan, watoto wakifundishwa pekupeku ili mguu uujue mpira kabla ya kiatu. Februari 1999, klabu hiyo ikiwa imeuza wachezaji wake wakubwa, iliwapeleka vijana wa akademia kucheza Super Cup ya Afrika dhidi ya Espérance ya Tunis, watu wazima waliokomaa. Vijana wakashinda 3-1 baada ya muda wa nyongeza. Kutoka shule hiyo alitoka Yaya Touré, ambaye baadaye akawa na mwili wa kubomoa ukuta. Yaya anazijibu pande zote mbili, ya nguvu na ya ufundi: ufundi ulitangulia, nguvu zikaja juu yake, na zilipokutana hakuna kiungo aliyetamani kukabana naye. Sisi watoto wetu wanacheza pekupeku bila kulipwa na mtu. Tunachokosa ni mwalimu wa kukaa nao.

Kuna ushahidi mwingine ambao hutumiwa vibaya, nao ni hesabu ya vikombe. Nigeria imetwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mara tano: 1985, 1993, 2007, 2013 na 2015. Hispania haijawahi, imepoteza fainali nne, mojawapo kwa Ghana mwaka 1991 na nyingine kwa Nigeria mwaka 2007. Kwa wakubwa, Hispania ni bingwa wa dunia wa 2010, na Nigeria haijavuka hatua ya 16 bora. Wengi huishia hapo na kusema: unaona, nguvu hushinda utotoni, ufundi hushinda ukubwani. Sikubaliani kirahisi hivyo. Kikosi cha Nigeria cha 2013 chenye Kelechi Iheanacho kilikuwa na ufundi mtupu. Na timu ya wakubwa huangushwa na mengi: uongozi, posho, ligi dhaifu nyumbani. Hata hivyo hesabu hiyo inanionyesha jambo moja: kombe la vijana halikuambii utakuwa na timu gani baada ya miaka kumi, na anayechagua watoto kwa ajili ya kombe hilo anakula mbegu.

Tena tamaa hiyo ndiyo iliyotuzalia vijeba. Kama nguvu ndiyo sifa ya kwanza, njia fupi ya kuipata ni kumpunguzia mtu mzima umri. Tangu 2009 FIFA hupima kwa MRI, yaani picha za ndani ya mwili, mfupa wa kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17. Sehemu ya ukuaji ikiwa imeshaungana kabisa, ni dalili kwamba ameshavuka umri huo, na mchezaji huyo nje. Mapema 2023, Cameroon ilipowapima vijana wake 30, 21 wakaanguka. Ikaokoteza wengine upesi, na bado ikafuzu fainali za Afrika. Watoto wa kweli walikuwepo muda wote, wamezibwa na watu wazima.

Nchi hii haikuhitaji Ulaya kuifundisha kwamba umbo dogo si kasoro. Medali za kwanza za Olimpiki za Uganda, Mexico 1968, zililetwa na mabondia wa uzani mwepesi: Eridadi Mukwanga, fedha katika uzani wa bantam, na Leo Rwabwogo, shaba katika uzani wa fly. Ndondi inajua kwamba ukimpanga mtu wa kilo 51 na wa kilo 80, hujapima nani bondia bora. Uingereza wamejaribu kuwapanga vijana wa akademia kwa kiwango cha ukuaji badala ya umri, na Ubelgiji ina timu za pembeni za taifa kwa ajili ya wanaochelewa kukua. Kwetu mashine hazihitajiki. Shule inayowafadhili arobaini ingeweza kuwachagua thelathini kwa mahitaji ya kombe la mwaka huu na kuacha nafasi kumi kwa watoto watakaopimwa kwa mpira mguuni tu, bila kuangalia kimo. Mwalimu angebaki na timu ya kushinda, na wale kumi wangepata miaka mitatu ya kukua.

Kuanzia miaka 16 au 17 nalegeza msimamo. Hapo mwili ni sehemu halali ya mchezo, na kijana anayeangushwa kila akigusa mpira lazima aambiwe ukweli, apewe maharage, mayai na mazoezi ya nguvu, au akae benchi. Kwa mtoto wa miaka 13 kauli hiyohiyo ni kumwonea.

Gharama yake nimeiona hapa mpakani. Dada yangu anauza mitumba, na kwa kujibana ameweza kumlipia mwanawe shule ya kutwa. Mtoto bado anacheza Jumamosi, na sasa ameanza kurefuka. Kati ya wenzake wa mstari ule waliobaki, anasema wanaokuja uwanjani ni wanne. Yule kipa wao, aliyekuwa anaruka kama paka kwenye ile kona ya uwanja, nilimwona wiki iliyopita asubuhi, saa za shule. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mahindi kuelekea upande wa Kenya.